Bwato ya Budongo

Kamina, 9 Januari 2024

Mama yangu,

Jambo yako, na jambo ya kila muntu pa kisiwa. Mugongo ungali unakusumbua? Huku tuko bazima. Nkulu, mujukuu wako, anasimama sasa. Anaanguka, anacheka.

Mama, bantu ba treni banasema maji ya Lualaba inapanda kule Bukama kupita miaka yote. Usingizi umenikimbia. Kuya kwetu Kamina, mama. Bwana yangu Nahum alisha kutengeneza chumba, aliweka na kitanda. Angali anacheka mambo yenu ya kumwaga budongo, anasema kisiwa hakijengwe na bitunga. Umusamehe, lakini kuya.

Mutoto wako,
Delphine

Pa kisiwa, Bukama, 21 Januari 2024

Delphine mutoto wangu,

Barua yako ilinifikia mu mikono ya muuza samaki. Mugongo iko vile unaijua: asubuhi inauma, mangaribi inasahau. Nkulu umukumbatie.

Bwana yako anacheka juu hajui. Babu yako alifika hapa kukausha samaki tu, na mwaka wa kwanza maji ilibeba nyumba yake ya majani. Njo alikatala kulala hapa tena bila kuleta budongo ya ng'ambo. Alijaza bwato, akavuka, akamwaga pa katikati. Kila muntu aliyekuya nyuma yake alifanya vile. Baba ya Muzee Sadiki, mufanya biashara wa Maniema, alimwaga yake mbele ya kujenga duka, kisha musikiti. Bakristo bakamwaga, bakasimamisha shapele. Na ndoa yoyote, bwana arusi analeta bwato ya budongo. Njo vile kambi ya bavuvi ilikuwa kartié, mutaa muzima, na nyumba ya masomo yake na soko yake.

Pa ndoa yenu, bwana yako alileta simenti. Tulisema aksanti, tulifanyia ngazi ya shapele. Lakini simenti haiko budongo, na alijua.

Sitoke. Miguu ya Muzee Sadiki, jirani yetu, ilisha kukufa, na mimi njo namupikia.

Mama yako

Kamina, 17 Februari 2024

Mama,

Nakusalimia bila kujua kama iko muntu wa kuitika. Treni ilisimama, reli iko chini ya maji. Simu za kule zote zimenyamaza. Nahum alitumwa pamoja na bafundi ba reli kuelekea Bukama, naye sijamusikia tena. Nkulu akiona nalia, naye analia.

Nilikukasirikia juu ulikatala. Leo sina hasira, mama, niko na woga tu. Hata neno moja, tuma.

Mutoto wako

Pa kisiwa, 10 Marsi 2024

Mutoto wangu mupenzi,

Tuko bazima. Naanza na hiyo, mugongo utangoja. Bazima bote, na Sadiki, na ile kuku yangu mubaya yenye kutagia mu kitanda.

Maji ilibeba jiko yangu, soko, nyumba zote za chini. Lakini pa katikati, pale bazee balimwaga, ilifika, ikazunguka, ikachoka. Bantu ba shapele balilala mu musikiti, ba musikiti mu shapele, kila muntu pale alipata nafasi. Sadiki akasema, "Leo nalala juu ya mabega ya baba yangu." Hatuna kilio hata kimoja.

Ngazi ya simenti ilienda na maji. Sicheke. Nacheka kidogo.

Nahum alifika na bwato ya bafundi, macho nyekundu. Alizani atakuta maiti. Alinikuta nageuza samaki ku moto. Alikaa mu matope na suruali yake ya kazi, akalia sana. Nilimuambia ale kwanza.

Asubuhi naamka, hayuko. Hakuniaga. Iliniuma, nikasema basi, njo vile alivyo. Jua inainama, tukaona bwato inakuya polepole, imejaa mpaka karibu kuzama. Ilikuwa budongo. Alichimba peke yake, mikono yote malengelenge. Sadiki akamuuliza, "Unamwaga wapi, mukwe?" Akamwaga kando ya nyumba ya baba yako, pale maji iliingia kwanza.

Barua hii anakuletea mwenyewe. Usimuulize kitu mbele ya kumupatia maji ya moto ya mikono.

Kamina sitahamia. Reli ikitengenezwa, mulete Nkulu. Mwana wangu Nahum alikanyaga ile budongo na miguu mpaka ikawa ngumu. Nyumba yenu iko na pa kusimama.

Mama yenu