Upande wa Kaburi Usio na Jina

Likasi, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Bukama. Mama yako, Kambo mwanamke kama tunavyomwita sisi wajukuu, ameamka namna gani? Bado anakataa uji? Mimi mwili ni mzima na kazi ya kujenga ipo, ila roho imechafuka, na ninakuandikia kabla hasira haijapoa.

Uliniagiza niende makaburini nikasafishe nafasi ya Kambo kando ya mume wake, kwa kuwa anadhoofika. Nilienda Jumamosi na panga langu. Mama, ile nafasi imejaa! Kuna saruji mpya, msalaba wa mbao na maua ya plastiki. Wamemzika mtu pale.

Wewe unajua baba yako alivyoihangaikia. Alijenga nyumba za kambi ya wafanyakazi kule Shituru, matofali kwa matofali, na yeye akalala chumba kimoja na wanaume wenzake huku mkewe amebaki Bukama na mashamba. Alipostaafu akajenga kaburi la watu wawili. "Minye nilijengaka nyumba za bantu bote," alikuwa akisema. "Ya minye na bibi yangu nitajenga mwenyewe." Upande wake akaagiza jina liandikwe. Upande wa mke akakataza, maana kumwandika mtu kaburini angali hai ni kumwita.

Basi hilo ndilo lililotuponza. Mlinzi wa makaburi nilimkuta kivulini anakula karanga. "Ile fasi ilikuwa ya bule, patron," akaniambia bila hata kusimama. "Haikukuwa na jina. Na famille hatukuwaonaka." Bure! Mtu apange matofali namna ile, halafu iwe bure? Kila mwenye macho anaona ni kaburi la wawili. Akanionyesha mahali pengine karibu na jalala, ati pazuri, pana hewa. Nilimtukana, Mama. Padri nitamweleza siku nyingine.

Jana Jumapili baada ya misa nilirudi kumsubiri mwenye maiti, nimejaa maneno hadi kooni. Akaja mama mmoja mwembamba na ufagio. Mwanawe alikuwa mchimbaji, shimo likamwangukia. Akafagia kwa mtoto wake, kisha bila kupumzika akafagia na kwa Kambo mwanamume, baba yako.

"Kila dimanche ninamufagiliaka na huyu muzee," akasema. "Njo jirani ya mutoto yangu. Weye uko nani yake?"

Nikamwambia mimi ni mjukuu wake, nikamsaidia kuzoa takataka. Siwezi kumfukua mtoto wa mtu kwa ujeuri wa mlinzi. Lakini na Kambo mwanamke hatalala jalalani, nakataa kabisa! Kushoto kwa mume wake pana nafasi ya kutosha, na leo asubuhi nimeanza kujenga hapo. Mlinzi alikuja kunizuia. Nikamwonyesha mwiko wangu wa saruji, akarudi kwenye karanga zake.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake. Mjomba katekista umwombe asimsahau yule mchimbaji kwenye sala, sasa ni mtu wetu.

Na Kambo umwambie yote, usimfiche. Umwambie pia kwamba jina lake nimeshaliandika kwenye saruji, kwa herufi kubwa, angali hai. Najua ataniita mchawi. Akasirike! Na anywe uji, apate nguvu za kuja kunichapa.

Mwanao,
Kabwe