Ndoo ya Njano Kabla ya Kona ya Tatu

Mwaka mmoja umekatika, mume wangu, tangu homa ya siku tisa ikutoe mikononi mwetu. Kiti chako mezani bado hakuna anayekikalia.

Kwenye uwanja wa mbio za magari walikuita Mwalimu Breki. Madereva walipokuja wakijisifia mwendo, uliwasikiliza hadi mwisho, kisha ukawaambia, "Kwenda kasi kila mtu anajua. Haya, nionyeshe unavyopunguza." Uliwafundisha kukanyaga breki kwa nguvu gari likiwa bado limenyooka, kisha kuiachia kidogo kidogo wakiingia kona. Hata jikoni ulikuwa ukikanyaga sakafu huku unakunywa chai, nami nakucheka.

Ndoo yangu ya kufulia, ile ya njano, uliichukua bila kuniomba. Uliiweka kwenye nyasi kabla ya kona ya tatu, iwe alama ya mahali pa kuanza kukanyaga. Mwanafunzi akipamudu, uliisogeza hatua moja karibu na kona, ukaenda kumpa mkono. Nami nilinuna wiki nzima. Nisamehe.

Binti yetu kitinda mimba ulimwahidi hatua yake. Siku zote alikanyaga mapema mno, hofu ikimtangulia, nawe pembeni yake hukumkaripia hata mara moja, ulimwambia tu: "Kesho, mama. Kona haihami." Kesho hiyo hukuiona.

Mwezi uliopita aliingia uwanjani peke yake. Akakanyaga penye ndoo, sawasawa, gari likakata kona bila kuyumba. Akageukia kiti cha pembeni kutafuta uso wako. Alirudi nyumbani analia: "Mama, nimeweza, na hakuna wa kuisogeza." Mafundi nao hawathubutu kuigusa, wanafyeka nyasi kuizunguka.

Nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe. Nazungumza na redio, na yenyewe hainijibu.

Jumamosi, mimi niliyeapa kutotia mguu kwenye kelele zile, nilikwenda. Niliinua ndoo yangu, nikaisogeza hatua moja. Hatua zangu ni fupi kuliko zako, utatuvumilia. Kisha nikampa mkono binti yako, naye hakuuachia upesi.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao watatu, dada yako mshonaji, mafundi wa uwanjani na wote waliokaa nawe garini.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo. Ndoo yangu sitaidai tena.