Waliniuliza Nani Atanisemea

Dada Mumina,

Assalamu aleikum. Ni salamu ile ile tunayowapa watu wa makaburini, na mkono wangu bado unakataa kukuhesabu miongoni mwao.

Kazi nimepata. Nakuambia mwanzo kabisa kwa sababu hukupenda hadithi za kuzunguka. Mtu akikawia kufika kwenye jambo lake ulikuwa ukimuuliza kama amepotea njia. Nimepata ile kazi ya kompyuta na redio za mawasiliano kule Dadaab, naanza Jumatatu. Nimemwambia mama kwa redio, amelia. Mimi nilikuja moja kwa moja nyumbani kwako Garissa, nimekaa kwenye mkeka wako naandika, na binti yako Zeitun ananichemshia chai. Anaweka tangawizi nyingi kama wewe. Koo linaniwaka, nakunywa tu.

Unakumbuka siku ya kwanza ya mazoezi ya intavyu? Nilikuja na cheti changu cha chuo ndani ya mfuko wa plastiki, najiona nimeshamaliza kazi. Ukakaa kwenye kiti, ukavaa miwani ya jua ya mumeo ili ufanane na bosi, ukaniambia kwa Kiingereza nijieleze. Nami nikajieleza kama binti yeyote wa Kisomali. Sahra wa Abdullahi, wa Hassan, wa Gedi, nikaendelea kuupanda ukoo babu kwa babu, kwa Kiingereza, bila kupumua. Ulicheka mpaka miwani ikadondoka. Ulisema ofisi haina haja na babu zangu, hawatakuja kuwasha mashine.

Hilo lilikuwa jepesi. Lililonishinda ni swali lililofuata: ni kitu gani unachokifanya vizuri? Kwetu mtu hajisifii. Msichana akija kuposwa, yeye yuko jikoni kimya, na eedo, shangazi wa upande wa baba, ndiye anayekaa na wageni na kuwatajia akili yake na mikono yake. Ukijitajia mwenyewe watu wanainamisha vichwa kwa aibu. Kwa hiyo kila ulipouliza nilijibu kwamba ninajaribu, insha'Allah, mwalimu wangu ndiye hodari. Na mashine nilikuwa nazijua, Mumina! Kuifungua, kuipangusa vumbi la Garissa, kuirudisha kazi iliyopotea kwenye disketi. Nilijua, na niliona haya kusema najua.

Ukavua miwani. "Abaayo," ukaniambia, kwa lile neno letu la dada ulilolipenda kuliko la kwenu, "pale hakuna eedo wa kukusemea. Ukinyamaza wataandika kwamba huna kitu. Kuwa eedo yako mwenyewe."

Sikuweza. Siku zote tulizofanya mazoezi sikuweza, na hukuchoka nami.

Kisha ikaja ile mvua. Nilikuwa nimekwenda Habaswein kumsaidia mama dukani kwake, nikidhani nitarudi baada ya siku chache. Kabla mafuriko hayajaifunga barabara, dereva wa lori akanipa kaseti. "Chukua," alisema, "rafiki yako amenisumbua kama polisi." Wengine hupokea kaseti zenye sauti za ndugu zao walio mbali, salamu na machozi. Mimi nilipokea maswali ya intavyu kwa Kiingereza. Uliuliza, ukaacha nafasi nijibu, ukauliza tena. Katika zile nafasi nasikia sufuria yako, nasikia mbuzi wa jirani, na mara moja nakusikia ukinong'ona, "Haya, sema basi, usiogope."

Nilikuwa nazianika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo, halafu nakujibu. Mama alidhani nimeingiwa na wazimu. Lakini mbuzi wake walipoanza kufa kwa maradhi yale ya mvua, mmoja baada ya mwingine, aliacha kunicheka. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeshaongea na redio. Dukani hapakuwa na kitu cha kuuza. Ile kazi niliyokuwa naitaka kwa kujivunia ikawa ndiyo tumaini letu la chakula.

Intavyu ikaahirishwa kwa sababu wageni wa Nairobi hawakuweza kupita. Nikasema afadhali, muda wa mazoezi umeongezeka. Habari zako zilinifikia kwa redio ya mawasiliano, ile ambayo watu hupanga foleni kuwaita jamaa zao. Sauti ilikuwa inakatika. Malaria, wakasema, na amezikwa jana. Niliwaambia warudie. Wakarudia. Mumina, niliwaambia warudie tena.

Kaseti niliifunga kwenye leso, sikuigusa. Barabara ilipofunguka mama ndiye aliyeitoa, akaiweka mkononi mwangu, akaniambia nipande lori.

Sasa nikupe habari za chumba chenyewe. Walikuwa watatu nyuma ya meza, wanaume wawili na mama mmoja mnene mwenye kikohozi. Kujieleza nilijieleza, babu zangu wote niliwaacha nyumbani. Wakaniuliza nitafanyaje jenereta ikizimika ghafla kazi ikiwa katikati, nikawaambia vizuri. Kisha likaja swali lenyewe. Ni kitu gani unachokifanya vizuri? Nikafungua mdomo. Nikasema ninajaribu, insha'Allah.

Najua. Nimeona sura yako kabla hujaikunja.

Yule bwana wa katikati akaandika kitu kifupi, nikajua mambo yameniendea vibaya. Nilimwona mama yangu akilini akinisubiri Habaswein, nikajua nitakachomwambia. Kisha mama mwenye kikohozi akaishika fomu yangu. Nilikuwa nimekuandika wewe, mahali pa mtu wa kuulizwa habari zangu. Akauliza watakupata wapi.

Nikamwambia umefariki.

Waliweka kalamu chini. Walinipa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kuniaga. Yule mama akanitazama, akauliza taratibu, "Angekuwa hapa leo, angetuambia nini juu yako?"

Mumina, Kiingereza kilikuja chenyewe. Nikasema, angewaambia Sahra ni mbishi, mashine ikikataa haondoki mpaka ikubali. Angewaambia siku umeme ulipokatika chuoni na kazi za wanafunzi zikapotea, wenzake walikwenda nyumbani, yeye alibaki mpaka akazirudisha. Angewaambia Kiingereza chake kinatembea polepole lakini hakidanganyi. Na angewaambia chai yake ni mbaya. Yule mama akacheka mpaka akakohoa. Sikuona haya hata kidogo, kwa maana si mimi niliyekuwa nasema. Ulikaa kwenye kile chumba na wageni, ukanisemea.

Asante. Neno hilo nalirudia kila siku, na bado naliona dogo.

Kaka yangu alitaka kuichukua ile kaseti arekodi nyimbo. Nimevivunja vile vimeno vyake vya juu, sasa hakuna mtu anayeweza kurekodi juu yako. Zeitun akikua ataisikiliza, na atakuja Dadaab nimfundishe mashine. Hilo nakuahidi. Chai atapika yeye.

Na kuna jambo moja. Wameniambia kwamba siku uliyozikwa imamu aliwageukia watu akawauliza wanakujuaje, nao wakajibu pamoja kwamba ulikuwa mwema. Mimi nilikuwa nimezuiwa na maji, sauti yangu haikuwemo. Leo wewe ndiye uliye kimya, na kwetu mtu hajisifii. Basi tulia huko ulipo, mimi niko na wageni.

Nimeulizwa juu ya Mumina. Ninamjua. Alikuwa mwema.

Sahra, eedo yako