Mbwa Ndiye Aliyekula Michembe

Geita, 12 Machi 2023

Mayu,

Asteria amekufa. Unajua, mama, ulikuwepo tukimzika. Naandika hivyo kwa sababu kwa mdomo sijalisema bado. Watu wakiuliza nasema mama Vumilia hayupo. Wengine wanadhani amesafiri.

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima. Vumilia yuko karibu yako hapo Ngokolo, najua Jumapili anakuja kukufulia, habari zake unazo kuliko mimi baba yake.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Ulipiga juzi, nikasema shikamoo, ukasema marahaba, halafu tukasikiliza kuku wako. Mkwilima na mama mkwe wake wataongea nini. Asteria ndiye alikuwa anaongea na wewe, mimi nakaa pembeni. Sasa wa katikati hayupo. Barua haina uso, nimeona tujaribu hivyo. Nitampa kondakta wa basi.

Shule niliishia la nne. Mwandiko uvumilie.

Kazi ni ile ile, nabeba viroba vya mawe kutoka duarani, shimo la dhahabu, kupeleka karasha yakasagwe. Nyumbani niko peke yangu. Nikirudi napiga hodi. Ufunguo ninao mfukoni, nyumba ni yangu, napiga hodi. Nasubiri kidogo ndiyo nafungua. Jirani yetu Scolastika ameniona. Hakucheka. Vumilia usimwambie.

Mkwe wako,
Baba Vumilia


Ibadakuli, 2 Aprili 2023

Baba Vumilia, mwadila.

Nakusalimu, baba, na marahaba. Hapa tunaamka. Miguu inavimba asubuhi, ikifika mchana inanihurumia. Mvua imenyesha vizuri, viazi vimeshika shamba lote la nyuma.

Barua kondakta aliiacha kwa Gulnaz, mwenye duka la vitenge pale stendi, Vumilia akaniletea. Alitaka anisomee, nikamkatalia. Nimevaa miwani nikasoma mwenyewe pale uani, nikamaliza, nikaanza tena. Darasa la watu wazima tulilosomeshwa zamani watu walilicheka. Leo nimelikumbuka.

Umeniambia la hodi. Na mimi nikupe langu, tusidaiane.

Siku ya mazishi nilikuangalia usoni. Mama mkwe haangalii, najua. Tangu umuoe mwanangu nilikuwa navijua viatu vyako tu. Kumbe una kovu kwenye nyusi. Na shati ulikuwa umelivaa nje ndani, mishono yote inaonekana, na wanaume wote wale uliokaa nao hakuna aliyekuambia. Nilitaka nije nikuambie. Nikaogopa watu watasema nini. Hilo shati nimelala nalo moyoni mpaka leo.

Lingine. Shemeji yangu Mageni akija hapa najifanya kiziwi. Tangu mume wangu afe yeye ndiye mkubwa wa ukoo, basi anaongea mpaka jua linazama. Nasikia vizuri sana, hata panya darini namsikia. Sasa hivi ananipigia kelele kama yuko mnadani ananadi ng'ombe. Wewe ni wa kwanza kujua. Nyamaza nalo.

Ile michembe, viazi nilivyowaanikia mwaka jana, ipo bado? Asteria aliniambia umebakiza kidogo. Chemsha, utie karanga. Umepungua, nilikuona. Mwaka huu nikivuna nitakata na kuanika mingi zaidi, maana najua kwa michembe wewe hujambo.

Mama yako mkwe,
Mama Asteria


Geita, 25 Aprili 2023

Mayu, shikamoo. Miguu iweke juu ya kigoda ukikaa. Mimi sijambo, mgongo tu.

La shati niliona jioni nikivua. Nilidhani hakuna aliyeona. Afadhali aliona mtu.

Sasa la michembe.

Mimi sili michembe. Sijawahi. Nikiiweka mdomoni nahisi natafuna kitambaa. Siku ile ya kwanza nilipokuja kujitambulisha mliniweka kwenye kile kijumba cha nje, peke yangu, kama mkwe anavyowekwa. Ikaletwa sahani ya michembe ya karanga, imejaa. Mkwe harudishi chakula kwenye sahani. Nilikuwa kijana, naogopa. Yule mbwa wenu mwekundu alikuwa amekaa mlangoni. Nikampa. Alikula yote akalamba na sahani, nikairudisha inang'aa. Mkasema kijana ana njaa, mkaleta nyingine. Akala na hiyo.

Ndiyo ukaanza kututumia gunia kila mwaka. Asteria alikuwa anaigawa kwa majirani, akikupigia anasema Baba Vumilia ameimaliza. Nilimwambia mwambie mama ukweli. Akasema, mama akijua atajiona alimlaza mkwe njaa siku ya kwanza, atakufa kwa aibu. Tukanyamaza. Ukinyamaza mwaka wa kwanza, wa pili inakuwa vigumu zaidi.

Gunia lipo. Wa kugawa hayupo. Jumapili nimechemsha, nikatia karanga kama ulivyosema. Nimekula. Bado siipendi. Lakini nimekula.

Mkwe wako,
Baba Vumilia


Geita, 9 Julai 2023

Mayu, shikamoo.

Hujajibu. Kondakta namuuliza kila basi likiingia, sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Vumilia anasema u mzima, unakula, viazi umevuna. Basi tatizo ni mimi.

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshazoea.

Kama umekasirika andika umekasirika. Hata mstari mmoja.

Mkwe wako, kama bado,
Baba Vumilia


Ibadakuli, 13 Agosti 2023

Baba Vumilia, mwadila. U hali gani na huo mgongo? Mimi niko, namshukuru Mungu.

Nilikasirika. Nikufiche ili iweje. Nilikuwa nakata viazi kuanika, kisu mkononi, najiuliza, unamkatia nani, mama? Vumilia akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kuandika nikashindwa. Kila nikikaa naona ile sahani inang'aa.

Halafu juzi nikamkumbuka yule mbwa. Unajua baada ya siku ile alifanya nini? Kila ukija, kabla hatujakuona sisi, yeye ameshaondoka kwenda kukusubiri njiani, mkia unapiga huku na huku. Mume wangu akasema, mbwa huyu hana urafiki na mtu, akimpenda mgeni ujue mgeni ana roho safi. Wenzake kwenye ukoo walikuwa wanakataa posa yako, wanasema wachimbaji ni watu wa kuhamahama. Yeye akawaambia, mbwa ameshajibu.

Kwa hiyo mwanangu nilimwozesha kwa ushahidi wa mbwa aliyehongwa michembe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini uani. Kisha nikalia, kwa sababu mtu wa kumpigia simu nimwambie ni Asteria.

Amenidanganya miaka yote, mtoto yule. "Ameimaliza, mama, anauliza mingine." Na sauti tamu.

Kwenye kiroba nilichompa kondakta kuna michembe kidogo. Ukimwona mbwa mpe. Lakini sasa niambie, unapenda nini? Sijawahi kukuona ukila. Nimekujua kwa sahani tu, na sahani nazo kumbe ziliongopa. Sema ukweli, siwezi kuendelea kupikia wanyama.

Yangu ya leo ni sukari. Kliniki wameniambia niache. Ipo chini ya kitanda, ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Nalamba kidole kimoja nikitoka kusali.

Mama yako mkwe,
Mama Asteria


Geita, 3 Septemba 2023

Mayu, shikamoo. Kiroba nimepata. Sukari iache. Au lamba nusu kidole.

Umeuliza napenda nini. Hakuna mtu aliniuliza tangu nizaliwe. Napenda ukoko. Ule wa ugali, chini ya sufuria, umekauka unalia mdomoni. Mwanaume mzima hawezi kufika ukweni akaomba ukoko, wanapewa watoto. Asteria alikuwa anafunga mlango wa jiko, anaukwangua, ananipa nikiwa nimesimama. Mtu akipiga hodi naficha mgongoni.

Sasa najaribu mwenyewe. Nauunguza. Wangu unakuwa mkaa.

Na lingine. Ndala zake navaa nikienda kuoga. Kisigino chote kiko nje. Scolastika safari hii alicheka, akasema, Baba Vumilia, ukikosa namba yako dukani si uniambie. Nikacheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Sasa nikuulize. Mageni alinipigia. Anasema mwaka ukifika mtaanua matanga, na siku hiyo ukoo utaniachia. Anasema mkwe asiye na mke ni mgeni tu, niwe huru nioe kwingine. Alisema kwa wema, sikumjibu vibaya. Lakini mimi mama nilimzika nikiwa mdogo, dada sina. Wakiniachia, barua nitamwandikia nani? Nitaanza vipi, shikamoo mama wa nani?

Mimi bado mkwe au siyo mkwe?

Baba Vumilia


Ibadakuli, 14 Januari 2024

Baba Vumilia, mwadila. Heri ya mwaka.

Nimechelewa. Nilikuwa naandika nafuta. Miguu ilinilaza pia kidogo, Vumilia alihamia hapa akanikanda, sasa natembea.

Umeniuliza neno ambalo si langu. Hilo ni la baraza la wanaume, mwanamke hasimami akawapinga. Wakishasema, wataniuliza mimi kama mzazi, nami nitaitikia, ndiyo linakuwa limekwisha. Ndivyo nilivyokuta.

Mageni amekuja mara nyingi kunieleza. Anasema ukiachiwa hakuna mwiko tena. Utaingia nyumba kubwa, utakaa kiti hiki mimi kile, tutakula pamoja na nitakuangalia usoni nikitaka. Nikawaza, hilo nalo zuri. Nikawaza tena, watu ninaoweza kuwaangalia usoni wapo wengi. Mkwe nina mmoja.

Mimi bado naitwa Mama Asteria. Hakuna aliyesema jina hilo niachiwe.

Siku ni Jumamosi ya tarehe kumi na saba mwezi wa pili. Njoo. Usipokuja watasema umejiachia mwenyewe.

Ukoko hauunguzwi, baba. Ukishapakua ugali, ondoa kuni zote, acha makaa yanayokufa, funika, uondoke jikoni. Ukikaa hapo utafunua. Asteria alijifunza kwangu. Ule uliokuwa unaufichia mgongoni ulikuwa wangu.

Mama yako mkwe,
Mama Asteria


Geita, 18 Februari 2024

Mayu, shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika njiani likatengenezwa. Miguu sijui umeamka nayo vipi baada ya ile shughuli.

Naandika leo leo kabla sijasahau.

Kwanza nishukuru. Pili, nikueleze nilivyoona mimi. Mageni aliposimama pale uani akasema ukoo unamwachia mkwe kwa moyo mweupe, nilijua imekwisha. Nikaangalia chini. Akageukia mlangoni mlipokaa wewe na akina mama, akauliza, "Mama Asteria, umeridhika?"

Ukasema, "Eh?"

Akarudia. Ukasema, "Eh?"

Akapaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Tumwachie mkwe, umeridhika?"

Ukasema, "Shemeji, sema taratibu, ukipiga kelele sisikii."

Akasema taratibu. Ukasema, "Eh?"

Mayu, nilijua. Watu wote wale, nilijua peke yangu. Nilijiuma mdomo mpaka damu. Wazee wakaanza kucheka, Mageni sauti imekauka, anapanguza jasho kwa kofia. Akasema, bila mzazi kuitikia neno halishiki, tutaongea siku nyingine. Hapo hapo ukasema, "Chakula tayari." Kwa sauti nzima.

Wakanipeleka kijumba cha nje, kama mkwe.

Vumilia akaleta sahani imefunikwa kawa. Akasema, "Bibi anasema usimpe mbwa." Nikafunua. Ukoko mzima wa mviringo, haujavunjika, na maziwa ya mgando pembeni. Na kipande kimoja cha michembe.

Huyu mbwa wenu wa sasa, mweusi, alikuja akakaa mlangoni. Nikamwambia leo hapana.

Nilikula wote. Nadhani ulisikia, ulikuwa unalia sana mdomoni na ukuta ule ni mwembamba. Sikuficha mgongoni. Kile kipande cha michembe sikukila. Nimekirudisha kwenye sahani. Umekiona. Sasa sahani zimesema kweli.

Na walipotaka niseme neno, ulinisikia. Nilisema mke wangu Asteria amekufa. Kwa mdomo. Sikusema hayupo.

Mageni ameniambia atakuita tena baada ya mavuno. Jitahidi na masikio yako.

Nimefika hapa nikapiga hodi. Nikasubiri, nikafungua. Ndala ziko pale pale. Ugali nimepika, nimeondoa kuni, nimefunika, nimetoka nje kukuandikia ili nisifunue.

Kesho narudi kazini.

Mkwe wako,
Baba Vumilia