Nafasi ya Zaituni

Jumatatu, 16 Desemba
Maji tena. Foleni bombani tangu alfajiri, mtoto mgongoni, ndoo mbili tu. Nimechoka mpaka macho. Kurudi nikapitia shuleni, majina ya kidato cha kwanza yamebandikwa. Ile shule ya vipaji ya serikali, ya wasichana, imechukua mmoja tu kutoka kwetu. Zaituni. Binti wa dada yangu. Mtoto tulimzika Novemba, homa ya siku tatu. Fadhila wangu kapangiwa shule ya kata. Jina la marehemu nimelisoma mara tatu. Karatasi haina habari.

Jumatano, 18 Desemba
Mwalimu mkuu alikuja. Hata kukaa hakukaa. "Mama Fadhila, nafasi ikipotea ni hasara ya shule nzima. Watoto hawa wanafanana kama kunde. Huko nani atajua?" Mama yangu akadakia: kwetu jina la marehemu halilali kaburini, linarithiwa. Apewe Fadhila, aende nalo shule. Dada alilia tu.
Niliitaka ile nafasi. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Niliitaka sana.

Ijumaa, 20 Desemba
Kikao cha wazazi. Mama Rehema, yule aliyehamia kutoka Mkunya, alisimama. "Wa kwanza amefariki. Wa pili ni mwanangu. Kuna hesabu gani nyingine?" Mmoja akamjibu nafasi imeangukia ukoo wetu. "Kwani maiti anasoma?" "Mtihani aliufanya yu hai!" Baba mmoja nyuma: "Kosa la Rehema ni kutaka kwenda na jina lake mwenyewe." Wakacheka. Mama Rehema hakucheka. Alinitazama mimi. Nikajifanya namnyonyesha mtoto. Alikuwa amelala.

Jumapili, 22 Desemba
Nilikuwa shambani, naokota korosho za mwisho. Kurudi, Fadhila ana unga wa tambiko kwenye paji la uso. Mama amemrithisha lile jina. Hakuniuliza.
Nikaita, Fadhila. Kimya. Anachambua kisamvu. Nikaita tena. Kimya.
Mama akaita, Zaituni.
"Abee, Bibi."

Jumanne, 24 Desemba
Dada amemvalisha sare ya marehemu. Fadhila ni mrefu kumzidi, ilipaswa kumbana. Imemkaa sawasawa. Dada anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Sikuwa na roho ya kumkatiza.
Jioni Fadhila anachota maji kwa mkono wa kushoto. Wa mkono wa kushoto alikuwa Zaituni.

Ijumaa, 27 Desemba
Asubuhi Fadhila alinipokea ndoo mlangoni.
"Shikamoo, mama mdogo."
Hivyo ndivyo Zaituni alivyokuwa ananiita. Huyu nimemzaa mimi. Nilimwosha uso mpaka akalia. Nikamshika mabega nikamwambia, mimi ni mama yako. Akanitazama kwa huruma. Kama mtu aliyekuja kunipa pole.
Naogopa. Basi. Naogopa.

Jumatatu, 30 Desemba
Nilipanda gari mpaka Newala, ofisi ya elimu. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya: Zaituni amefariki, nafasi yake apewe anayemfuata kwa alama. Afisa akauliza, anayemfuata ni mwanao? Hapana. Akaniangalia kidogo, kisha akagonga mhuri.
Ulipogongwa nilihisi nimempokonya Fadhila kitu mkononi. Nimempokonya kweli. Ndani ya gari nililia, abiria mmoja akanipa karanga.
Mama ameniambia nimemzika Zaituni mara ya pili. Nimeikunja ile sare nikamrudishia dada. Aliipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto.

Jumamosi, 4 Januari
Dada hasemi nami. Fadhila hajibu jina lolote. Nampikia, namsuka, namwita kila baada ya muda. Fadhila. Fadhila. Fadhila. Mama ananiona kichaa. Na anione.

Jumatatu, 13 Januari
Leo shule zimefunguliwa. Rehema ameitwa kule, anaondoka Alhamisi. Mama yake alinikuta bombani, akanitwisha ndoo.
Fadhila amekwenda shule ya kata, daftari mbili na jembe. Alipofika kwenye mkorosho wa jirani niliita jina lake. Alitembea hatua tatu ndipo akageuka.
Jana zilikuwa saba.