Mzaha Nilioubeba Hadi Buhinyuza

Jumatatu, 24 Juni 2024. Gitega

"Nyumba ya Vigae Vyekundu", sehemu ya thelathini na moja. Makofi manne. Kuzimia mara mbili. Mama mkwe amesikiliza mlangoni mara tatu, na mara zote tatu mlango ulikuwa wazi! Hakuna aliyepika, hakuna aliyelima, hakuna aliyekwenda kazini. Watu hawa wanakula nini? Mke ametoka hospitalini dakika hiyohiyo, kope za bandia zimemsimama kama ufagio. Kichefuchefu.

Natazama dukani kwa Cibalonza tangu televisheni yangu iungue. Ni Mkongo wa Uvira, anauza vitenge, ana sola. Leo amenikasirikia.

"Papa Anatoli, kwako kila kitu iko mubaya! Ule mama analia muzuri, hata mi nimelia."

Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Akasema kuanzia kesho nije na kiti changu.

Alhamisi, 27 Juni 2024

Gazeti limetoka, na safu yangu ya televisheni ndani. Mhariri ameondoa neno langu "takataka" na kuweka "changamoto". Changamoto! Kana kwamba mke mwenye kope za ufagio ni daraja lililobomoka.

Jioni, "Mheshimiwa Kobwe". Eti vichekesho. Mwanamume kavaa gauni la mkewe, kaanguka mtaroni. Kaanguka tena. Vicheko ni vya kurekodi — kuna mwanamke mmoja anacheka kicheko kilekile, nimemhesabu mara kumi na tisa. Na kama kawaida, mhusika aliyerudi kutoka Tanzania ndiye mwizi wa kuku. Kila mwaka, kila kipindi. Anasema "samahani sana" kwa Kiswahili chetu cha kambini, halafu kuku analia ndani ya koti. Mimi nilisoma sekondari kwenye kambi ya wakimbizi, Kasulu. Sijawahi kuiba hata yai.

Nimeandika kurasa tatu. Nimechana mbili.

Jumatatu, 1 Julai 2024

Sikukuu ya Uhuru. Duka limejaa, Wakongo na sisi tuliorudi, kila mtu na soda yake.

Kipindi kipya: "Wakwe wa Mlima wa Pili". Sura za wachezaji mbovu, sauti imechelewa nyuma ya midomo. Nilikuwa nimeshaandika "aibu" nikapiga mstari chini. Ikaja posa. Kila upande na msemaji wake. Msemaji wa upande wa binti anajifanya hajui wageni wamefuata nini, anawatafutia kasoro, anawabana mpaka waombe, ndipo vinywaji vifunguliwe. Hilo la kawaida. Lakini huyu kasimama, kawatazama wageni mmoja mmoja, kasema: "Tulipokuwa ukimbizini mlichukua shamba. Leo mmekuja kumalizia na binti?"

Duka lilipasuka! Cibalonza kashika nguzo. Mimi nilicheka hadi machozi — mimi! Sentensi ya kwanza ya kweli niliyoisikia kwenye televisheni mwaka huu. Nimeisifu. Mhariri atadhani naumwa.

Jumatano, 10 Julai 2024

Shemeji Josefina kapiga simu kutoka Buhinyuza. Posa ya Lucia ni tarehe ishirini. Lucia ni binti wa marehemu kaka yangu Simoni, na nilishasahau kwamba amekuwa mtu wa kuposwa.

Mchumba ni Eliud, wa ng'ambo ya ua. Tuliporudi kutoka Kasulu tuliikuta familia yake juu ya shamba la baba. Tume ya ardhi ikaja, ikapima, ikakata katikati: nusu kwao, nusu kwa Simoni. Mstari ukapandwa minyaa. Miaka kadhaa watu wakapitana bila salamu. Kumbe watoto walikuwa wanaimba kwaya moja.

Josefina anataka niwe msemaji. "Nani mwingine, shemeji? Wewe ndiye mwenye maneno. Wachekeshe kidogo, wasije wakakaa kama wako mahakamani."

Nimekubali. Sikumwambia kwamba sijawahi kuisemea posa hata moja. Kambini posa ilikuwa fupi: dumu moja la pombe, sala ya mchungaji, basi. Wazee wa hapa wanajua namna ya kusema kwa Kirundi kizito, mimi Kirundi changu ni cha sokoni. Ningeweza kwenda Itaba, hapo jirani, kumwuliza mzee yeyote. Aniulize nini? "Wewe si ndiye unayewakosoa wengine gazetini?" Hapana.

Nimefungua daftari la kazi. Posa ishirini na mbili nimezitazama tangu mwaka juzi, zote na tarehe. Nimenakili hatua: kukataa kuwajua, kukosoa, mzaha mkali mmoja, kulainika, kufungua. Za kuchukiza karibu zote, lakini hatua ni zilezile.

Ijumaa, 19 Julai 2024. Buhinyuza

Mafuta hakuna. Gitega nimengoja gari la Muyinga mjini tangu alfajiri, kisha pikipiki hadi huku. Vumbi mpaka ndani ya masikio.

Josefina amepaka nyumba chokaa. Lucia alikuwa anakunja pindo la gauni, akaniuliza kama niko tayari.

"Nimetazama posa ishirini na mbili," nikamwambia.

"Za akina nani, baba mdogo?"

"Za televisheni."

Alicheka sana. Alidhani natania.

Halafu akaacha kushona. Akasema baba mkubwa wa Eliud, mzee Longino, ndiye aliyeikataa posa hii miezi minane. Eliud alimbembeleza, padri akambembeleza. Amekubali kuja, lakini amesema atavuka ua huu mara moja tu. Akirudishwa, asiitwe tena.

"Hatarudishwa," nikasema.

Jumamosi, 20 Julai 2024

Naandika chumba cha nyuma. Josefina amenisukuma humu kwa mikono yake. Saa tisa alasiri.

Walikuja saba, suti zimepigwa pasi, kreti sita za bia na mtungi wa pombe ya ndizi. Longino ndiye msemaji wao. Mrefu, mkongojo, sauti ya chini. Alisema wamepita njiani, wameona moshi, wakadhani hapa pana watu wema. Vizuri sana! Hakuna mchezaji wa televisheni aliyewahi kuingia hivyo. Nikasimama. Nikasema siwajui. Wakacheka. Nikasema suti zao ni nzuri kuliko nyuso zao. Longino mwenyewe akatabasamu, akasema suti ni ya kuazima lakini uso ni wake. Josefina akapiga kigelegele kidogo. Ilikuwa inakwenda!

Hapo nikautoa ule mzaha. Neno kwa neno, kwa Kirundi, na mkono juu kama yule bwana wa kwenye kioo. Mlichukua shamba. Mmekuja kumalizia na binti?

Nikangoja kicheko.

Kuku alikuwa anaparura nyuma ya jiko, nilimsikia. Eliud aliangalia viatu. Longino akaniuliza, taratibu, kama naweza kurudia, masikio yake ni ya uzee. Sikurudia. Nikasema ni utani, mzee, utani wa posa. Akasema utani wa posa anaujua tangu kabla sijazaliwa. Unachezea kile ambacho hakipo. Mbuzi ambaye hukuiba, deni ambalo hudaiwi. "Hili," akasema, "lipo. Nimelivuka nilipokuja."

Kisha akawaambia watu wake wabebe vinywaji vyao, waondoke.

Nilipocheka mimi kule dukani, nani alikuwa amekaa nami? Cibalonza. Wakongo. Sisi tuliorudi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa upande wa pili wa mzaha. Na mimi nikauita ukweli, nikauchapa gazetini.

Lucia ameingia kwa mlango wa nyuma. Hapaswi kuonekana kabla ya kuitwa, kitambaa kichwani, gauni lile. Sikuweza kumtazama. Hakulia. Ameuliza tu niliyatoa wapi maneno yale. Nikamwambia.

"Kwenye kichekesho?"

Ndiyo.

"Na wewe ulikipenda?"

Ndiyo. Hicho kimoja.

Sasa yuko dirishani, ameshika pazia kwa vidole viwili.

Nje Josefina amewakimbilia hadi kwenye minyaa. Wanawake hawasemi kwenye posa. Anasema. Kirundi chake kibovu kuliko changu, anachanganya na Kiswahili, hana heshima za mwanzo wala methali.

"Mzee Longino, huyo ndani ni shemeji yangu, ni mjinga, nitamshughulikia mimi! Ile nusu limeni. Watoto wangu wameona mkiilima, wamekua. Mimi nakuuliza jambo moja. Umemkataa huyu msichana, au umemkataa yeye aliyesema?"

Longino amesimama mguu mmoja huku na mmoja kule kwenye pengo la ua. Wanaume wawili nyuma yake bado wamebeba kreti begani, na mmoja amegeuza kichwa kumwuliza kwa macho — anashusha, au anaondoka nayo?