Matundu Saba ya Gari la Mzee wa Turffontein

Dada Pilipili, shikamoo!

Shikamoo ni ya heshima, Pilipili umejitakia mwenyewe kwa mdomo wako. Vipi hapo Tanga? Mama goti bado linamsumbua? Na mwanao kashaota jino? Mimi mzima. Baridi ya Joburg inanitoa kamasi tu, lakini leo nina raha mpaka kukaa siwezi, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Sikia. Si unajua nanyoosha bodi za magari kwenye gereji ya Papaa Ilunga, yule Mkongo, hapa Doornfontein? Basi mzee mmoja wa Kizungu wa Turffontein katuletea gari, dada, sijui nikwambieje! Pua kama ndege ya kivita. Nyuma mapezi mawili yamesimama kama ya papa. Juu hakuna paa, kuna kuba la kioo, unakaa ndani kama keki kwenye kabati la duka. Wamarekani zamani, enzi za babu, walikuwa wanaunda magari ya maonyesho namna hiyo, wakiamini karibuni kila mtu ataendesha kama rubani. Mzee akaona picha gazetini akiwa kijana, akajiundia lake uani. Miaka yote limelala chini ya turubai. Sasa anataka lionekane na watu kabla hajafa. Kasema hivyohivyo, bila haya.

Nikaangalia picha za magari hayo kwenye simu mpaka bando likakata!

Papaa akanipa mapezi. Sasa fundi bodi akiona tundu, anaona kutu. Pezi la kushoto lilikuwa na matundu saba, nikaziba yote. Bati kwa ndani, puti kwa nje, msasa, ukipitisha kiganja utadhani shavu la mtoto. Nikajisifu, wee! La kulia nikaliacha la kesho yake.

Alhamisi asubuhi Papaa kaunga nyaya za taa, kakanyaga breki. Pezi la kulia likawaka nyekundu kwenye matundu saba, kubwa mpaka dogo, kama moto unaotoka nyuma ya roketi. La kushoto, kimya.

"Sefu! Matobo iko wapi?"

"Nimeziba, Papaa. Nilidhani kutu."

"Kutu inajipangaka mulolongo? Eh Mungu wangu! Mzee anakuja kesho. Akikuta hivi, weye utaenda kuuza ndizi kwa robot, magari ikisimama!"

Robot huku ndiyo taa za barabarani, na hakuwa anatania. Dada, unajua nilivyozunguka mji huu kuipata kazi hii, mtu asiye na cheti hata cha kuchomelea.

Ndipo nikaliangalia lile pezi la kulia. Nikabandika karatasi, nikasugua penseli juu yake mpaka matundu yote yakajitokeza. Nikageuza karatasi, nikaibandika kushoto, nikashika drili. Moja, mbili, Papaa nyuma yangu anasali Kifaransa. Mpaka saa tisa yote saba yamefunguka. La nne limeshuka kidogo tu, kama upana wa ukucha.

Ijumaa mzee kaja. Kakanyaga breki, akamtuma Papaa aangalie, hakuridhika, akashuka kuangalia mwenyewe huku mimi nimekanyaga. Eish, pande zote moto! Nilishusha pumzi ya wiki nzima. Papaa kanipiga begani: "Sharp, mtoto yangu." Kazi ninayo!

Lakini mzee akapapasa pezi la kushoto, tundu moja moja, machozi yanamlengalenga. Akasema, "Haya tulitoboa na marehemu baba. Upande huu ni mkono wake. Asante hukuyagusa." Papaa akanikazia macho. Nikasema, "Karibu, mzee."

Jumamosi ijayo kanialika nikae naye ndani ya kuba kwenye maonyesho.

Mama mbusie mkono. Baba mdogo wa cherehani mwambie suruali aliyonishonea bado inadumu, na shangazi wa Pongwe asichoke kuniombea dua. Mimi ndugu yako, Sefu, mzima na mwenye kazi.

Ila dada, wewe usiyefichaga neno: ungekuwa umekaa na yule mzee mle ndani, ungemwambia?